"Jipu la mguu" ni la wapi hasa?

SWALI: Kazi yangu ni kuweka misimbo ya magonjwa kwenye majalada ya wagonjwa. Kabla ya kutafuta msimbo, tunaandika muhtasari kwa Kiswahili. Mara nakuta "jipu la mguu", mara "uvimbe wa usaha mguuni", mara "kidonda cha usaha". Mwenzangu anataka tuache "mguu" tuandike "wayo", ili ijulikane kuwa ni sehemu ya chini. Yuko sahihi? Na hayo maneno matatu ni kitu kimoja?

JIBU: Mwenzako ameliona tatizo, lakini neno alilolichagua halifai.

Mguu wa Kiswahili huanzia nyongani ukaishia kwenye ncha za vidole. Aliyevunjika paja kavunjika mguu, na aliyechomwa na mwiba kisiginoni kachomwa mguu. Katika mazungumzo hilo halimkwazi mtu, kwa kuwa msikilizaji anamwona anayezungumza, na pengine anaonyeshwa panapouma. Msimbo hauonyeshwi kitu. Katika ICD-10, orodha ya misimbo ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, majipu ya ngozi ya mikono na miguu yote huingia L02.4, kwa hiyo hapo "mguu" linatosha kabisa. Mambo hubadilika ukitumia ICD-10-CM, toleo la Marekani lililoanza kutumika Oktoba 2015. Humo jipu la mguu wa kulia kwa maana ya paja au muundi ni L02.415, na la kushoto ni L02.416. Likiwa chini ya kifundo, la kulia ni L02.611 na la kushoto ni L02.612. Upande usipotajwa, unabaki na L02.619. Sasa soma tena "jipu la mguu wa kulia". Upande umetajwa vizuri, lakini hujui uchague 415 au 611, na kubahatisha si kazi yako.

Kwa nini basi si "wayo"? Kwa sababu wayo ni ile sehemu inayokanyaga chini, pamoja na alama inayoachwa nayo. Jipu lililo upande wa juu, pale kamba za viatu zinapofungwa, haliko kwenye wayo. Ukiliita "jipu la wayo" utapata msimbo sahihi, lakini jalada litakuwa limesema uongo, na atakayelisoma kesho atamgeuza mgonjwa kutafuta jipu upande usio wake. Kiswahili cha kila siku hakina neno moja linalochukua sehemu yote ya chini ya kifundo, na sioni haja ya kulibuni. Tunayo majina ya vipande vyake: kisigino, wayo, kidole gumba cha mguu, kidole cha mwisho. Taja kipande. Pasipo na jina, eleza: "jipu upande wa juu wa mguu wa kulia, kati ya kifundo na vidole". Ni maneno mengi kuliko mawili, lakini yanamaliza mjadala.

Nikihamia kwenye maneno yako matatu: hapana, si kitu kimoja. Jipu ni usaha uliojikusanya mahali pamoja ndani ya nyama au ngozi. Wasemaji wana kitenzi kizuri sana kwa hili, nacho ni kutunga. "Jipu limetunga usaha" huonyesha kwamba kuna mfuko na usaha umo ndani. Kidonda cha usaha ni kidonda kilicho wazi kinachotoa usaha. Hakina mfuko, na katika misimbo kina mlango wake. "Uvimbe wa usaha" ndio unaonisumbua, maana unaweza kuwa jipu, na unaweza kuwa mguu uliovimba na kuwaka moto bila usaha kujikusanya popote, yaani selulaitisi. Cha kushangaza ni kwamba kwa selulaitisi "mguu" linarudi kuwa neno zuri: L03.115 kwa kulia na L03.116 kwa kushoto huchukua mguu wote hadi chini ya kifundo, isipokuwa vidole, ambavyo vina misimbo yake.

Kuna mtego mwingine ambao hukuuliza. Kiswahili huita "jipu" hata lile dogo linaloanzia kwenye shina la unywele, wakati ICD-10-CM inalitenga: chini ya kifundo, ni L02.621 kwa mguu wa kulia na L02.622 kwa wa kushoto. Daktari akikusudia hilo, aseme "lililoanzia kwenye shina la unywele". Ukiona maelezo hayo yameandikwa kuhusu jipu la wayo, rudisha jalada uulize, kwa maana wayo hauoti nywele.

Angalia pia vitenzi. "Jipu lilitumbuka" ni kusema lilipasuka lenyewe. "Lilitumbuliwa" ni kusema kuna mtu aliyelipasua, na hapo msomaji ana haki ya kujua ni nani na kwa kifaa gani: mgonjwa kwa pini nyumbani, au mtabibu kwa kisu? Lililotumbuka halina upasuaji wa kuandikiwa msimbo. Naona silabi hizo zikichanganywa ovyo, hata na watu wanaojua lugha vizuri. Kwa muhtasari wa hospitali ningependelea "lilipasuliwa na usaha ukatolewa", au "usaha ulivutwa kwa sindano", kila kimoja kwa tendo lake.

Na "jipu la kisukari"? Usiliandike. Kihusishi "la" hapo kinabeba mzigo usioonekana. "Jipu kwa mgonjwa mwenye kisukari" linataja mambo mawili yaliyokutana. "Jipu lililosababishwa na kisukari" linadai kwamba moja limezaa jingine, na dai hilo ni la daktari, si la mwandishi wa muhtasari.

Mwisho, umoja na wingi. "Majipu ya mguu" ni mengi kwenye mguu mmoja. "Majipu ya miguu" ni ya pande zote mbili, na yakiwa chini ya kifundo, kwa kuwa L02.61 haina msimbo mmoja wa pande mbili, utaandika 611 na 612 pamoja. Herufi moja, *i*, ikiwepo au isipokuwepo, ndiyo itakayokwambia ni misimbo mingapi.