Jibu: Mama anapaliwa na vinini vya presha

Jambo dada. Umeandika kwamba tangu mama apooze upande mmoja anapaliwa na kinini (kidonge) cha presha, na sasa unataka kukiponda ndani ya uji. Nilimuuguza baba hapa Bukavu katika hali hiyohiyo, basi nakuomba usiponde bado.

Soma boksi kwanza. Ukiona LP, SR au Retard, dawa hiyo imetengenezwa itoke polepole. Ukiiponda, dozi ya siku nzima inaingia kwa mara moja na presha inaweza kushuka vibaya. Hukutaja jina la dawa, kwa hiyo siwezi kukuambia yake ni ipi. Peleka boksi farmasia, uliza kama inapondwa au kama kuna ya maji.

Wakikuruhusu, changanya na kijiko kimoja tu cha uji mzito, si bakuli zima, maana akibakiza hutajua amekunywa kiasi gani. Baba maji matupu ndiyo yaliyompalia zaidi. Na tulikuwa tunampa akiwa ameegemea mto, kosa kubwa! Mkalishe wima, abaki hivyo nusu saa. Akikohoa au sauti ikilowa, yaani ikisikika kama ina maji kooni, acha. Homa ikifuata, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.