Usianzie kwenye GB: prosesa kwanza, mazabodi ifuate, RAM mwisho

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina studio ndogo ya picha na video za harusi hapa Mwanza. Natumia Dell OptiPlex 9020, ile ya kusimama, yenye Core i5-4590, RAM GB 8 (mbili za GB 4) na hadidiski ya GB 500. Nikifungua Photoshop na Premiere kwa pamoja, mashine inaganda mpaka wateja wanaanza kulalamika. Fundi mmoja kaniambia anitolee mazabodi, aniwekee mpya ya DDR4 na RAM GB 32, prosesa ibaki hiyohiyo. Nimpe kazi? Na RAM ninunue ya aina gani?

JIBU: Usimpe, ndugu yangu, na kama umeshatoa advansi kaidai leo. Prosesa yako, yaani hiyo Core i5-4590 ambayo ndiyo ubongo wa mashine, inakaa kwenye soketi ya LGA1150, kiti chake kwenye mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote), na sehemu inayoendesha RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi ulizofungua) imo ndani ya prosesa yenyewe. Intel, walioitengeneza, walianza kuihamishia humo mwaka 2008; AMD, washindani wao, walitangulia mwaka 2003. Kwenye i5-4590 sehemu hiyo inaelewa DDR3 peke yake, aina ya RAM iliyotangulia DDR4. Hata mazabodi iwe mpya namna gani, haiwezi kuifanya isome DDR4. Kwa hiyo ama fundi huyo hajui anachouza, ama anajua na anangoja ulipe ndipo akwambie prosesa nayo imegoma, ongeza hela.

Kuna na hili ambalo huenda hakukwambia. Pawa saplai ya OptiPlex 9020 inalisha mazabodi kwa plagi ya pini 8, wakati mazabodi za dukani zinataka plagi ya pini 24. Waya wa kitufe cha kuwashia nao haufuati mpangilio wa kawaida. Ukibadilisha mazabodi unabadilisha pawa saplai, pengine na keisi, na prosesa, na RAM. Hiyo ni kompyuta mpya, ihesabie hivyo tangu mwanzo.

Sasa nije kwenye jambo linalonichosha kila wiki. Mtu anaingia dukani na neno moja mdomoni: "Niongezee RAM." Hajatazama kinachoichelewesha mashine, na anayemuuzia hana haja ya kumwuliza, maana RAM ni biashara ya dakika tano. GB 8 zinakuwa 16, 16 zinakuwa 32, na mashine inaendelea kuganda palepale. RAM ikiwa haijajaa, kuiongeza hakuharakishi chochote. GB 20 zilizokaa bure hazifanyi kazi ya mtu.

Fanya hivi kabla ya kununua hata skrubu. Fungua Photoshop na Premiere kama siku ya kazi ngumu, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Angalia mstari wa memory, yaani RAM, na wa disk. Ukikuta RAM imetumika GB 5 kati ya 8 huku diski iko asilimia 100, mgonjwa ni hadidiski. Ukikuta vyote viwili vimefika juu, ndiyo hali ninayoitarajia kwako: RAM imejaa, Windows inahamishia mzigo uliozidi kwenye diski, na diski haiwezi kasi hiyo. Hebu ona tofauti yenyewe. RAM ya DDR3-1600 inapitisha GB 12.8 kwa sekunde kwenye kila njia ya data, na mashine yako ina njia mbili. Hadidiski nzima kabisa inasoma faili moja refu kwa MB 100 hadi 150 kwa sekunde, na ikitafuta vifaili vilivyotawanyika inashuka hadi karibu MB 1. SSD ya SATA, diski isiyo na sehemu inayozunguka, ambayo OptiPlex yako inaipokea bila shida, inafika karibu MB 500, na kwenye vifaili vidogo haitaabiki kama hadidiski.

Kwa hiyo nunua SSD kwanza. Ya pili iwe RAM: mashine yako ina nafasi nne na inachukua hadi GB 32. Acha hizo mbili za GB 4, ongeza jozi ya GB 8 mbili, utakuwa na GB 24, na njia zote mbili za RAM zitafanya kazi. Usikubali moja ya GB 16 hata wakikuapia. Prosesa za kizazi hicho haziisomi.

Ukifika kwenye kununua, soma karatasi iliyobandikwa kwenye RAM, usisome mdomo wa muuzaji. Unatafuta PC3-12800U au PC3L-12800U. Herufi ya mwisho ndiyo yenye maana. Ikiwa R, hiyo imetoka kwenye seva na mashine yako haitawaka nayo. Wapo pia wanaouza GB 8 za DDR3 kwa bei ya kutupa, zimeandikwa kwamba ni za AMD tu. Chipu zake zimepangwa kwa namna ambayo prosesa za Intel za rika la yako haziikubali, na muuzaji akikwambia "jaribu tu, zinaingia" anasema kweli nusu: zinaingia kwenye nafasi, kompyuta haiwaki.

Hayo yatakusogeza, ila sitakudanganya kwamba ni ya miaka mingi. Microsoft walisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Yako ni ya kizazi cha 4. Hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kuanza kuweka akiba ya mashine nyingine.

Siku hiyo ikifika, chagua prosesa kwanza. Kwa kazi ya video ningekushauri Core i5-12400, na uhakikishe haina herufi F mwishoni. Yenye F haina grafiki za ndani, na Premiere inazitumia hizo kuharakisha kufungua na kutoa video za H.264, hizi unazowapa maharusi. Prosesa hiyo inakaa kwenye soketi ya LGA1700, na hapa ndipo watu wanaumia: mazabodi za LGA1700 ziko za DDR4 na ziko za DDR5. Zote mbili zina pini 288, lakini mwanya uliokatwa chini hauko sehemu moja. RAM ikikataa kuingia, usiikandamize na usimruhusu mtu kuipiga tupa. Nimeletewa RAM iliyochongwa mwanya ikalazimishwa, na nafasi yake kwenye mazabodi ilikuwa imepasuka.

Ukipendelea AMD, soketi yao ya AM4 ni DDR4 na AM5 ni DDR5 tu, hakuna kuchanganyikiwa. Uliza tu kama BIOS (programu ya kuwashia iliyomo kwenye mazabodi) ya mazabodi ya AM4 imesasishwa, maana mazabodi ya B450 ya zamani haiwashi prosesa za Ryzen 5000 bila hivyo.

Nunua RAM mbili zilizofungwa pakiti moja, GB 16 kila moja. Mazabodi ikiwa na nafasi nne, kwa kawaida zinakaa ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Kitabu chake kitakuthibitishia. Ukiwasha, ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio unaoiruhusu RAM kwenda kasi iliyoandikwa juu yake, la sivyo RAM uliyolipia kasi ya 3200 mara nyingi itatembea kwa 2133 au 2666. Mafundi wengi wanaruka hatua hii kwa sababu mteja hana namna ya kuiona.

Na niwaambie wote wanaosoma: hakuna programu inayoongeza RAM. Zile zinazojiita za kusafisha RAM zinafukuza data kwenye RAM ili mara ukirudi kwenye kazi yako Windows iisome upya kutoka diski, yaani zinachelewesha. Nyingine zinakuja na virusi. Na RAM mbovu ni hatari kuliko RAM ndogo, kwa sababu haifi waziwazi. Inaharibu faili wakati wa kuhifadhi, na mwenye studio anagundua wiki ya pili kwamba picha za harusi ya mtu hazifunguki. Harusi hairudiwi. Kwa hiyo kabla hujamalizia malipo, acha mashine dukani na MemTest86, programu ya kupima RAM, ikizunguka usiku kucha. Kosa moja jekundu likitokea, rudisha RAM hiyo, na fundi akisema kosa moja si kitu, rudisha na kazi yake.