Wastani wa urefu hautoshi kupima ukuaji wa tasi

Ndugu yangu, umeandika kwamba kikundi chenu cha BMU, yaani cha wavuvi wanaosimamia ufuo wao, kimepima tasi kuanzia Juni hadi Novemba, kwamba wastani wa urefu umepanda kutoka sentimita 19 hadi 21, na kwamba mngependa kuripoti kuwa tasi hukua sentimita 2 kwa miezi mitano. Nawaomba msiandike hivyo. Nilimpima samaki huyu, ambaye baadhi ya ndugu zetu wa Tanzania humwita chafi, kwa miaka mitatu kati ya Gazi na Msambweni, pwani ya kusini ya Kenya, na kosa hilo nililifanya mwenyewe katika ripoti yangu ya kwanza.

Wastani hueleza kilichoingia chomboni tu. Samaki wachanga wa msimu mpya wakifikia ukubwa wa kunaswa, wastani hushuka ingawa kila tasi aliyeko baharini amekua. Na wavuvi wakibadilisha zana, wastani hupanda bila samaki hata mmoja kuongezeka milimita. Wewe mwenyewe umetaja kwamba mwezi Agosti wavuvi kadhaa waliacha malema, ile mitego ya kusukwa, wakaanza kutega nyavu. Wavu wa macho makubwa humpitisha tasi mdogo ambaye lema lingemzuia, kwa hiyo mimi ningeanza kuzitafuta hapo zile sentimita 2.

Vipimo vyenu havijapotea. Vitenganisheni kwa mwezi na kwa zana, kisha mhesabu samaki wangapi walikuwa na sentimita 12, wangapi 13, na kuendelea, mkaichora idadi hiyo kwa kila urefu. Samaki waliozaliwa msimu mmoja huonekana kwenye mchoro kama nundu, na nundu hiyo ikisogea kulia mwezi baada ya mwezi, mwendo wake ndio ukuaji mnaoutafuta. Kwa tasi jambo hili linawezekana kwa kuwa hukua haraka akiwa mdogo. Kwa samaki wanaoishi miaka mingi, nundu za wakubwa hulaliana hata usijue ipi ni ya mwaka gani.

Mkishapata nundu, mtakutana na mlinganyo ambao mwanabiolojia Ludwig von Bertalanffy aliueleza mwaka 1938: samaki hurefuka upesi mwanzoni, kisha polepole kadiri anavyoukaribia urefu wake wa ukomo. Hapa pana mtego mkubwa kwa maeneo yaliyovuliwa sana kama yetu. Ikiwa wakubwa wamekwisha, hesabu itaukadiria ukomo kuwa mfupi kuliko ulivyo, na kasi ya kuukaribia itaonekana kubwa kupita kiasi, hata msomaji aamini kwamba samaki anastahimili uvuvi kuliko anavyoweza. Namba hizo mbili zitolewe pamoja daima.

Njia ya mawe ya sikio, yaani vijiwe vilivyomo kichwani mwa samaki, ni bora zaidi, kwa sababu hujiandika miduara samaki anavyokua, na tangu kazi ya mtafiti Pannella ya mwaka 1971 inajulikana kwamba ipo hata miduara ya kila siku. Lakini inahitaji hadubini na kichwa kilichopasuliwa, na hakuna mama karanga, yule mwanamke anayekaanga samaki na kuwauza, atakayekubali kununua tasi wa namna hiyo.

Lililoniharibia data zaidi ya yote lilikuwa mahali niliposimama. Mwaka wa kwanza nilipima kwenye beseni za akina mama karanga kwa kuwa walinivumilia, kumbe wachuuzi walikuwa wamekwisha kuchagua wakubwa chomboni. Pimeni kabla samaki hawajachambuliwa. Mzigo ukiwa mkubwa, chukueni sehemu yake bila kuchagua. Pimeni hadi panda ya mkia, pale unapogawanyika, maana ncha mara nyingi huchanika ndani ya lema, na kila mpimaji afuate utaratibu huohuo. Mshikeni tasi kwa uangalifu, kwani miiba yake ina sumu, na mpimaji aliyechomwa huharakisha akaandika namba ya kukisia.

Katika ripoti ya sasa andikeni kwamba wastani wa tasi waliovuliwa umeongezeka kwa sentimita 2 na kwamba zana zilibadilika mwezi Agosti. Kisha ongezeni kwenye fomu safu za zana, eneo, na kama maji yalikuwa bamvua (yanayojaa na kupwa sana) au mafu (yanayojaa na kupwa kidogo), mpime misimu ya pepo za kaskazi yote na kusi yote kabla ya kutaja kasi ya ukuaji.