Omba Barua: Ushauri kwa Mtangazaji Anayepigiwa Simu na Wakubwa

Asubuhi moja, nikiwa bado mtangazaji wa kipindi cha mazungumzo katika kituo kimoja cha redio hapa Arusha, tuliwafungulia wasikilizaji simu ili wazungumzie ushuru wa soko. Mama mmoja muuza ndizi alieleza kwa utulivu kwamba hutozwa kila siku wala hapewi stakabadhi, na baada yake wakapiga wengine sita wakisema jambo lilelile. Hatukumtaja mtu yeyote kwa jina, na ofisa mhusika tulikuwa tumemwalika, akaahidi kuja, asitokee. Kabla ya saa sita mchana meneja wetu alikuwa amepokea simu kutoka ofisi moja ya serikali. Aliyepiga hakusema tumevunja kifungu gani cha sheria, aliuliza tu, "Huyo mtangazaji wenu anatafuta nini?" Marudio ya kipindi yaliyopangwa kwenda hewani jioni yakaondolewa, ukapigwa muziki, na mimi nikakubali.

Ninawaandikia vijana wanaoanza kazi hii kwa sababu miaka niliyokaa studio imenionyesha kwamba shinikizo la serikali kwa redio mara nyingi halina karatasi. Ukitajwa udhibiti, watu hufikiria kituo kufungiwa, na ni kweli hilo hutokea. Agosti 2016 waziri wa habari wa wakati huo, Nape Nnauye, alitangaza kuzifungia kwa muda Radio 5 ya hapa Arusha na Magic FM ya Dar es Salaam kwa madai ya uchochezi. Agosti 2020 Clouds FM nayo ilisimamishwa kwa siku saba kutokana na maudhui yaliyohusu uchaguzi. Adhabu za namna hiyo huandikwa magazetini, zikajadiliwa na kupingwa. Vipindi nilivyoviona mimi vikifa, vilikufa kwa simu ya dakika mbili, na msikilizaji hakujua alichonyimwa.

Kwa hiyo ushauri ninaouthamini kuliko mwingine wowote ni huu: omba barua. Usigombane na aliyepiga simu, usimkatie, wala usimwahidi lolote. Mwambie kwa adabu, "Mheshimiwa, tumekusikia, tunaomba utuandikie malalamiko hayo, utaje siku, saa na maneno yaliyokukera, nasi tutakujibu kwa maandishi." Barua humlazimu mwenye hasira kutafuta kifungu cha sheria, kuweka jina na saini yake, na kukubali kwamba maneno yake yanaweza kusomwa na mkubwa wake au na hakimu. Mara ya pili tulipopigiwa simu, safari hiyo kwa sababu ya kipindi cha mgao wa maji, tulijibu hivyo. Barua haikuja. Marudio yalikwenda hewani saa ileile iliyopangwa, na hakuna aliyetuuliza tena. Sisemi kwamba itakuwa hivyo kila mara, maana wapo wanaoweza kuandika na kutekeleza, lakini hapo angalau utakuwa unapambana na kitu kinachoonekana.

Barua ikija kweli, na hasa ikitoka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ambayo ina Kamati ya Maudhui ya kusikiliza malalamiko ya aina hii, kitakachokuokoa ni rekodi nzima ya kipindi. Kipande cha nusu dakika kilichorekodiwa kwa simu na kusambazwa kwenye WhatsApp kinaweza kumfanya mtu mwadilifu aonekane mchochezi. Mwombe fundi mitambo ahifadhi kila kipindi kwa tarehe na saa, nakala moja ikae nje ya studio, na uandike daftarini ni nani alialikwa, alijibu nini, na kama alikataa kuja. Daftari langu lilikuwa la kawaida la shuleni, na lilinisaidia kuliko wakili. Ukiadhibiwa na kuona umeonewa, ipo njia ya rufaa kwenda Baraza la Ushindani. Vituo vidogo huiacha kwa sababu ya gharama na hofu, jambo linalonisikitisha kwa kuwa adhabu isiyopingwa huwa kipimo cha adhabu inayofuata.

Someni pia sheria zenyewe badala ya kusimuliwa. Machi 28, 2019, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake yako hapahapa Arusha, iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, vikiwemo vinavyohusu uchochezi, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Mtangazaji anayefanya kazi umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mahakama ile hana sababu ya kutojua ilisema nini.

Hata hivyo, sitawadanganya kwamba kila anayelalamika ni mdhalimu. Katika jengo la mikutano la AICC, ambalo sisi wa Arusha tunapita mbele yake kila siku, Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilimtia hatiani Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa redio ya RTLM, Desemba 2003, na kosa lake la uchochezi wa moja kwa moja na wa hadharani lilibaki hata baada ya rufaa ya mwaka 2007. Redio ile ilitaja watu na mahali walipojificha, na watu wakauawa. Siku moja msikilizaji wetu, wakati wa mjadala wa wakulima na wafugaji, alianza kusema kijiji fulani "kisafishwe". Nilikata simu yake katikati ya neno, nikaeleza hewani sababu ya kuikata, na ningefanya vivyo hivyo leo. Anayeitisha watu wapigwe na mama anayedai stakabadhi ya ushuru hawafanyi kitu kimoja, na ukishindwa kuwatofautisha mbele ya kipaza sauti, utakuwa umewapa wanaotaka kuwanyamazisha wote wawili sababu wanayoitafuta.

Mmiliki wa kituo naye ana hofu zake, na mara nyingi ni za haki. Leseni ni yake, mishahara inamhusu, na matangazo ya biashara yanaweza kukatika siku moja tu baada ya ofisi kubwa kununa. Zungumzeni naye mapema, kabla ya simu kupigwa, mkubaliane nani atajibu na atasema nini, ili mtangazaji kijana asibaki peke yake kwenye korido akiulizwa anatafuta nini.

Baada ya simu ile ya kwanza nilikaa karibu mwaka mzima bila kugusa habari za soko. Hakuna aliyenikataza tena. Nilikuwa nikichagua mada jioni, nikiiona ya ushuru naipita, nachukua ya lishe au ya michezo, na nilijiambia kwamba wasikilizaji wanahitaji pia mambo hayo. Ukijiona unafanya hivyo, mwambie mwenzako mmoja studio, kwa sauti, ni mada gani uliyoipita na kwa nini.

Na kipindi kikiondolewa, wasikilizaji waambiwe ukweli, hata kwa sentensi moja: kwamba marudio hayatasikika leo kwa uamuzi wa uongozi. Yule mama wa ndizi alinipigia wiki iliyofuata, nje ya kipindi, akaniuliza, "Mwanangu, mbona ile jioni hatukujisikia redioni? Tulikaa wote pale sokoni tukisubiri." Nilimjibu kwamba mitambo ilipata hitilafu. Akanipa pole.