Usinunue hiyo rivolva ya .38 kabla fundi hajapima silinda

Mkuu, hiyo pesa irudishe mfukoni kwanza. Unauliza kama .38 Special, risasi ya tangu 1898, bado inaweza kumzuia mwizi aliyekuvunjia mlango hapo Houston, na hiyo Smith & Wesson Victory ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia utaifungia wapi wakati nyumba ina watoto. Nguvu ya risasi niliiulizia na mimi, kumbe ubovu ulikuwa kwenye silinda, ule mviringo unaozunguka na kubeba risasi.

Yangu ilikuwa ya mtutu wa inchi 5. Muuzaji kwenye maonyesho ya silaha akaniambia .38 zote ni moja. Alinidanganya mchana kweupe, na hasira hazijaniisha hadi leo. Victory za inchi 5 zilitengenezwa kwa ajili ya Waingereza, na zilikula .38 S&W ya 1877, ambayo ganda lake, kile kikopo cha shaba kinachobeba baruti, ni fupi lakini nene zaidi. Baada ya vita, nyingi zilirudi Marekani, wachuuzi wakachimba matundu ya silinda yawe marefu ili .38 Special iingie. Urefu waliupata, ila upana wa huko nyuma ulibaki uleule. Baruti ikiwaka, ganda linavimba mpaka lijaze ule uwazi, na shaba ina mwisho wake.

Kwenye uwanja wa shabaha nilifyatua sita. Maganda manne yalipasuka ubavuni, mawili yakagoma kutoka nikayagonga kwa kijiti. Gesi ilinirudia usoni, miwani ndiyo iliyoniokoa macho. Na nilikuwa nimeweka +P, risasi za shinikizo kubwa kuliko kawaida, kwa sababu muuzaji yule yule alisema risasi ya kawaida ni dhaifu! Chuma cha miaka ya 1940 unakipaje +P? Sasa nifikirie saa nane usiku koridoni, maganda yamekwama, mke na watoto wako nyuma yangu.

Polisi wa Marekani walibeba .38 Special kwa miongo mingi, kwa hiyo nguvu ya risasi isikunyime usingizi.

Peleka bastola kwa fundi wa silaha, apime kila tundu na mtutu wenyewe, KABLA hujalipa. Mwambie ajaribu na ganda la .38 S&W: likizama lote, hiyo ni ya Waingereza, na kama .38 Special nayo inaingia, ilichimbwa. Muuzaji akikataa isipimwe, ondoka.

Mtutu wake ni inchi ngapi? Jibu hapa leo, kabla hujaenda.