Kutoka mabwawa ya maji taka hadi darasani

Mhandisi, umeuliza kama miaka minane ya kupima maji taka hapo Kisumu inatosha kukuingiza chuoni kama mwalimu. Inategemea chuo. Vyuo vikuu kama Maseno au Egerton kwa kawaida vinataka uzamivu kwa mhadhiri kamili. Ukiwa na uzamili peke yake utaanzia chini ya hapo. Vyuo vya ufundi ni njia fupi zaidi: digrii yako, mafunzo ya ualimu wa ufundi, kisha usajili wa mkufunzi kwa TVETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi ya Kenya. Usajili wako wa EBK (bodi ya wahandisi) na NEMA (mamlaka ya mazingira) usiuache ufe, utakuletea kazi za ushauri wakati wa likizo.

Kinachowaangusha wahandisi wengi ni maabara, si mhadhara. Chukua kipimo cha BOD, yaani oksijeni inayotumiwa na vijidudu kuozesha uchafu ulio majini, cha siku 5 kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Ukianza Jumatatu, siku ya kusoma ni Jumamosi na maabara imefungwa. Anza Jumatano, msome Jumatatu. Maji taka ghafi yenye BOD ya karibu 300 mg/l, tia ml 5 tu kwenye chupa ya ml 300, kisha jaza maji ya kuzimulia. Ukizidisha, oksijeni inaisha kabla ya siku ya tano na darasa zima linabaki na sifuri isiyosema kitu. Halafu wapime maji yanayotoka bwawani, wape kiwango cha NEMA cha 30 mg/l, waamue wenyewe bwawa limefaulu au la.

Ukiitwa usaili, beba mpango wa somo moja la saa mbili. Orodha ya miradi ikae nyuma ya faili.