Re: Ile sinema ya familia ya waigizaji, jamaa anavua nguo akipanda ngazi

Habari mkuu, kwa hiyo unaitafuta komedi ya zamani ya Marekani, familia nzima waigizaji wa jukwaani, na kuna jamaa anapanda ngazi huku anavua nguo na kupiga domo, kamera inamfuata mpaka bafuni. Hiyo ni The Royal Family of Broadway ya 1930. Ukigugo "Royal Family" tupu utaletewa wafalme wa Uingereza mpaka uchoke, na mimi ilinisumbua hivyohivyo, we andika jina lote, weka mwaka na jina la mwigizaji wake, Fredric March.

Sasa umesema yule jamaa wa kwenye ngazi ni John Barrymore, yule mwigizaji maarufu wa zamani, hapana, ni March anamwigiza kwa kumtania, zile mbwembwe na kujigeuza ili pua ionekane vizuri, maana tamthilia yenyewe ya Kaufman na Ferber ya 1927 iliwachokoza waziwazi akina Barrymore, familia yake ya waigizaji. Akateuliwa Oscar kwa utani huohuo! Ila kwangu mimi Ina Claire, yule dada mtu, ndo anaibeba sinema.

Cha kucheki kwanza: kama unakumbuka wako kwenye treni muda mrefu, basi ni Twentieth Century ya 1934, hapo ndo Barrymore mwenyewe.